Ukoo Unapendekeza, Mahakama Inateua

Dada mmoja wa Muleba ameniandikia. Mumewe amefariki, na shemeji zake wamemwambia kibanja, yaani shamba la migomba lenye nyumba yao, ni cha ukoo, yeye abebe nguo zake aondoke: "Huku mila ndiyo sheria." Inauma, maana kwa kauli hiyo moja wajane wengi wa Kagera wamepoteza mashamba.

Hawakuitunga. Tamko la Sheria za Mila la 1963 lilimnyima mjane fungu la mirathi, na binti likamruhusu kutumia ardhi ya ukoo bila kuiuza. Lakini mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa babake ana haki ileile ya mwanamume, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20(2), nayo ikabatilisha mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu ardhi.

Kwa hiyo dada, kikao cha ukoo cha kupendekeza msimamizi wa mirathi usikikimbie. Nenda, na uhakikishe muhtasari unataja kibanja chenyewe: kilipo, majirani wa kila upande, milamula, ile mimea inayopandwa kuonyesha mpaka. Karatasi tupu usisaini, hata ukiambiwa "tutajaza baadaye". Kisha fungueni mirathi Mahakama ya Mwanzo, mkiwa na cheti cha kifo. Unaweza kuomba usimamizi mwenyewe, au kuweka pingamizi tangazo likibandikwa.

Mambo huharibikia hapa: shemeji anateuliwa msimamizi, anajiona mwenye mali. Msimamizi si mrithi! Ndani ya miezi 4 anatakiwa kurudisha mahakamani Fomu Na. 5, yenye orodha ya mali na madeni. Omba nakala kwa karani. Kibanja kisipokuwemo, mwandikie hakimu siku hiyohiyo.

Wakikupeleka Baraza la Kata, jua kwamba tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Haliwezi kukuamuru uhame. Siku 30 zikipita bila suluhu, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Na ninyi ambao waume zenu wako hai, ombeni hatimiliki ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi ya kijiji, sasa. Halmashauri ya kijiji inapaswa kuamua ombi ndani ya siku 90. Fomu iandikwe majina yote mawili, lake na lako.