Kiunzi kinachobomolewa kila mara

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kitabu chetu cha biolojia kinasema mikrofilamenti ni sehemu ya kiunzi cha seli. Ukurasa unaofuata kinasema hujengwa na kubomolewa kila mara. Mbona mifupa yangu haibomolewi? Kiunzi gani hicho?
Msomaji, mwanafunzi wa biolojia

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hata mifupa yako hubomolewa na kujengwa upya, ila polepole mno hata huhisi. Mikrofilamenti zina haraka, na seli inaihitaji haraka hiyo.

Chukua shanga, zitunge kwenye nyuzi mbili, kisha uzisokote pamoja. Kila shanga ni molekuli moja ya aktini, protini ambayo Brunó Straub aliitenga kutoka kwenye misuli huko Szeged, Hungaria, mwaka 1942. Uzi mzima, ndio mikrofilamenti yenyewe, una unene wa nanomita 7 hivi. Mikrotubuli, ndugu yake mnene katika kiunzi hichohicho, hufika 25. Shanga zote zimeelekea upande mmoja, kwa hiyo ncha mbili za uzi hazifanani. Moja hupokea aktini mpya upesi, nyingine ndiyo inayoachia. ATP, molekuli ya nishati iliyobebwa na shanga, huvunjwa baada ya shanga kuingia kwenye uzi, na mshiko wake hulegea. Ni kama ukuta unaong'olewa matofali nyuma na kujengwa mbele: unasogea, ingawa hakuna tofali lililoteleza.

Siku niliyotazama kwa hadubini chembe nyeupe ya damu ikifukuza bakteria, jicho langu lilinasa ukingo wake wa mbele. Ulichomoza, ukarudi, ukachomoza kwingine. Humo ndani protini za Arp2/3 huchipusha nyuzi changa ubavuni mwa nyuzi kuukuu, kwa pembe ya digrii 70 hivi, na matawi hayo yakirefuka huusukuma utando wa seli. Tangu hapo niliacha kuchora mikrofilamenti ubaoni kama vijiti vilivyotulia.

Sasa jaribu kuzizuia zisibomoke. Uyoga wenye sumu, Amanita phalloides, una faloidini, ambayo huzibana nyuzi zisiachane. Seli ikipewa ya kutosha ndani yake, hushindwa kutembea. Sitokalasini, sumu ya kuvu, huziba ncha inayokua. Hapo pia seli hukwama. Zipo nyuzi zilizotulia zaidi, kama za kwenye misuli, ambako protini iitwayo miosini huzivuta ili msuli ukaze, na zile zinazosimamisha vijidole vya seli za utumbo.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni seli ya mnyama inapogawanyika. Aktini na miosini hujipanga pete chini ya utando, katikati ya seli, na pete hukaza kama mshipi. Cha ajabu, kadiri inavyokaza haizidi kuwa nene, kwa sababu nyuzi zake zinabomolewa hukohuko kazini. Seli mbili zinapokaribia kuachana, pete nayo imekwisha.