Je, Marekani ilipiga marufuku madini ya Kivu?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nakusalimu kutoka Kadutu, Bukavu. Baba yangu alikuwa mnunuzi wa kasiteriti, madini yanayotoa bati, na hadi leo anashikilia kwamba Sheria ya Obama ilikataza madini yetu na kumfilisi. Mwalimu wetu wa uraia anasema sheria hiyo haikukataza chochote. Nimwamini nani?

JIBU: Kwa maandishi ya sheria, mwalimu wako anasema kweli, kwa yaliyotokea sokoni, mzee ana haki ya kulalamika. Kile tunachokiita huku Sheria ya Obama ni kifungu cha 1502 cha sheria ya Dodd-Frank, iliyotiwa saini na Rais Barack Obama mnamo Julai 2010, na ambayo kwa sehemu kubwa ilihusu mabenki baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008. Kifungu hicho kiliyataka makampuni yaliyosajiliwa katika masoko ya hisa ya Marekani yaeleze hadharani kama bidhaa zao zina bati, tantalamu, tungsteni au dhahabu kutoka Kongo au nchi jirani, na yamechunguza vipi ili fedha zisiwafikie wenye silaha. Hakisemi popote kwamba kununua ni kosa.

Lakini kampuni iliyo mbali, isiyoweza kuufuata mfuko wa koltani (mawe yanayotoa tantalamu) tangu shimoni hadi kiwandani, ina njia rahisi kuliko uchunguzi, nayo ni kununua kwingine. Kuanzia Aprili 2011 viwanda vikubwa vya kuyeyusha madini vilianza kukataa mzigo usio na lebo ya kuonyesha asili yake, wakati mpango wa lebo ulikuwa ndiyo kwanza unaanza Katanga. Nyabibwe, kule Kalehe katika Kivu Kusini, ulifika Oktoba 2012. Hapo katikati ndipo wanunuzi wa Bukavu walipoumia. Kinshasa nayo ilikuwa na mkono wake, jambo linalosahaulika mno katika mabishano yetu: Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema tangu Septemba 2010 hadi Machi 2011, ilhali kanuni za utekelezaji za Marekani zilitolewa Agosti 2012.

Usichanganye kifungu hicho na vikwazo. Vikwazo humtaja mtu au kampuni kwa jina, huzuia mali yake iliyo chini ya mamlaka ya Marekani na kuwakataza Wamarekani kufanya naye biashara, kama ilivyofanyiwa African Gold Refinery ya Uganda mnamo Machi 2022 kwa tuhuma za dhahabu ya magendo kutoka Kongo. Kwa maoni yangu njia hii ina haki zaidi, kwa kuwa mchimbaji wa Kalehe hamo katika orodha hiyo.

Kuhusu kifungu cha 1502, mwaka 2017 maofisa wa tume inayosimamia masoko ya hisa ya Marekani walitangaza kwamba hawatapendekeza hatua dhidi ya kampuni isiyofanya uchunguzi wa kina. Hata hivyo Bunge halikukifuta, na wajibu wa kutoa taarifa kila mwaka ukabaki palepale.