Ulanzi mtamu nao niuache?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi seremala, naishi Kilolo, Iringa. Niliacha pombe wakati wa kuvuna mahindi, na kiangazi chote nilikuwa salama. Sasa mvua zimeanza, ulanzi, ile pombe ya mianzi, unatoka, na jioni nikipita karibu na kilabu mate yananijaa mdomoni. Wenzangu wanasema ninywe ule mtamu wa asubuhi, eti huo si pombe. Mke wangu anasema sina nia. Tena kaka yangu, anayekunywa kila siku, anataka aache ghafla kama mimi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la nia, maana naona ndilo linalokuuma zaidi. Mate kukujaa si dalili ya nia mbovu. Miaka yote uliyokunywa, ubongo wako uliifungamanisha raha ya pombe na vitu vinavyoizunguka: harufu ya kilabu, saa ya kufunga karakana, mvua, pesa mfukoni. Pombe huufanya ubongo utoe kemikali iitwayo dopamini, na mazoea yakikomaa kemikali hiyo huanza kutoka hata kabla hujanywa, kwa kuona au kunusa tu. Kiangazi ulanzi haukuwepo, ndiyo maana ulitulia. Mweleze mkeo hivyo. Au mpe gazeti asome mwenyewe.

Ulanzi mtamu usiuguse. Mlanzi, yaani mwanzi wenyewe, ukikatwa ncha, maji yake yanadondokea kwenye mbeta, kile chombo cha kukingia, na humo chachu imo tayari. Unaanza kuchachuka ungali kondeni. Asubuhi ni mtamu, jioni unalewesha, ukilala unakuwa mkangafu, yaani mkali kabisa, na hakuna wa kukuambia umegeuka saa ngapi. Lakini hata ungekuwa sukari tupu ningekukataza, kwa sababu utaunywea wapi? Kwenye benchi lile lile, na watu wale wale, mkipokezana jagi lile lile. Mimi naliogopa benchi kuliko kilichomo kwenye jagi.

Kwa hiyo badilisha njia ya kurudi nyumbani, hata kama ni ndefu. Kula kitu kabla ya kutoka karakana, hata kiazi na chai, kwa sababu njaa huipa hamu nguvu. Siku ya malipo, mteja aitume pesa kwenye simu ya mkeo ikiwa mnaelewana. Najua wanaume wengi hawalipendi hili. Nalisema hivyo hivyo, kwa kuwa nimewaona wengi wakishinda wiki nzima wakaanguka Jumamosi, pesa ikiwa mkononi.

Hamu ikikushika, jua kwamba inapanda kisha inashuka. Mara nyingi haimalizi nusu saa kama hukuilisha. Nusu hiyo usikae peke yako, nenda kwa mtu anayejua umeacha, mwambie wazi, "Imenishika." Kilabuni wakikuita, jibu "Nimeacha, asante," kisha endelea kutembea. Usiseme unameza dawa, maana wiki ijayo watakuuliza kama umemaliza dozi. Kwenye kazi za kulimiana, ambako pombe ndiyo shukrani, nenda ulime kama wengine, ila uage kabla haijaletwa.

Ukiteleza siku moja, rudi siku hiyo hiyo. Usijiambie "nimeshaharibu" ukamalizia wiki.

Kuhusu kaka yako, tafadhali sana, asifanye hivyo akiwa nyumbani. Mtu anayekunywa sana kila siku akikata ghafla, mwili unaweza kumgeukia. Ndani ya saa chache anatetemeka, anatoka jasho, halali. Siku mbili za mwanzo anaweza kupata degedege, na kufikia siku ya pili au ya tatu wengine huchanganyikiwa, wakaona watu na wadudu wasiokuwepo. Ndugu wengi hudhani amerogwa, wakamfungia ndani, na watu hufa hivyo. Mpelekeni hospitali kabla hajaacha. Amwambie daktari ukweli: anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, na gongo aitaje. Kuna dawa za kumvusha siku hizo, pamoja na vitamini B1 ambayo mlevi wa muda mrefu huwa ameishiwa. Wewe mfuate, ukae naye wodini. Wewe ndiye atakayekusikiliza.