Sabuni yoyote, ila mikono yote

Mmeuliza wiki hii: sabuni ya dawa au ya kawaida, ipi inakinga zaidi? Swali limenichoma, maana tunabishania kipande cha sabuni huku tukinawa kwa sekunde 5 na kujifutia nguo tulizovaa.

Sabuni hung'oa mafuta yaliyoshika vijidudu, maji yanayotiririka yakavichukua. Kwa hiyo sugua sekunde 20. Kidole gumba, ncha za vidole na chini ya pete ndizo sehemu zinazorukwa. Kucha zikwangue kwenye kiganja. Kisha kausha, kwani mkono wenye maji huambukiza kwa urahisi zaidi. Mwaka 2016 Marekani ilipiga marufuku triklosani, kemikali ya kuua bakteria, na viambato vingine 18 katika sabuni za kunawia za majumbani: watengenezaji hawakuthibitisha kuwa zinaishinda ya kawaida.

Lakini kuna Vienna, mji wa Austria, mwaka 1847. Hospitali kuu ilikuwa na wodi mbili za uzazi, moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga, na homa ya uzazi iliua zaidi kwa madaktari. Wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaenda kupima wajawazito. Daktari Ignaz Semmelweis alifumbuka macho rafiki yake Kolletschka alipochomwa na kisu cha kupasulia maiti, akafa kwa dalili zilezile. Na tafadhali zingatieni hili: sabuni walikuwa wakitumia, ila harufu ya maiti haikutoka mikononi. Akawaamuru madaktari na wanafunzi kunawa kwa maji ya chokaa yenye klorini mpaka harufu iishe. Aprili, kabla ya amri hiyo, walikufa wazazi 18 katika kila 100. Juni, kama 2. Wakubwa wengi wa taaluma walimkataa hata hivyo.

Kwa hiyo nalegeza kidogo. Kwa siku za kawaida, sabuni yoyote. Hospitalini wana taratibu zao. Nyumbani mtu akitapika na kuhara, msitegemee kitakasa chenye alkoholi, hata kikiwa na asilimia 60 inayotakiwa: norovirusi, kirusi kinachosababisha kutapika na kuhara, hukistahimili. Naweni kwa sabuni. Sakafu ifuteni uchafu kwanza, kwa sababu uchafu hudhoofisha klorini, kisha ilowesheni kwa dakika 5 au zaidi: mililita 100 za klorini ya kufulia ya asilimia 5, maji yajazwe hadi lita 5. Dawa hiyo ni ya sakafu, si ya ngozi, na isichanganywe na siki wala sabuni ya choo, maana hutoa gesi ya sumu.