Simu ya usiku wa manane: nasaha kwa wanaosimamia madaktari watarajali

Msimu wa karafuu hapa Pemba huijaza wodi ya upasuaji, kwa kuwa mikarafuu ni mirefu na matawi yake hukatika upesi. Katika msimu mmoja wa namna hiyo nilikuwa msimamizi wa zamu, na chini yangu alikuwapo mtarajali aliyetimiza wiki tatu tu tangu aanze mwaka wake wa mafunzo kwa vitendo. Usiku mmoja alinipigia simu kuniuliza juu ya homa ya mgonjwa ambaye kwa hakika hakuwa na tatizo kubwa, nami kwa uchovu nikamjibu, "Na hili nalo la kuniamshia?" Nikakata simu, nikalala.

Usiku uliofuata aliletwa kijana aliyeanguka mkarafuuni, mkono umevunjika na tumbo likimuuma upande wa kushoto, chini ya mbavu. Mtarajali aliufunga mkono vizuri, akaandika vipimo kila saa kama inavyotakiwa: mapigo ya moyo 96, kisha 110, kisha 128, na presha ikiwa bado 118 kwa 76. Mwili wa kijana unaweza kuishikilia presha mpaka damu iliyopotea ikaribie asilimia 30, kwa hiyo mapigo ndiyo yanayotangulia kusema kweli. Hata kipimo cha wingi wa damu, katika saa za mwanzo, huweza kuonekana cha kawaida kabisa. Mtarajali aliyaona mapigo yakipanda, akaingiwa na wasiwasi, lakini hakunipigia. Aliyenipigia ni muuguzi wa zamu, mama mtu mzima asiyejali kama nimekasirika au sikukasirika. Bandama lilikuwa limepasuka. Tulimpasua alfajiri na, alhamdulillahi, alipona.

Nilipomwuliza yule mtarajali kwa nini alinyamaza, aliinama akasema, "Niliogopa kukusumbua, Dokta." Ucheleweshaji ule umo ndani ya faili kwa mwandiko wake, ila kosa lilikuwa langu.

Tangu hapo simwambii mtarajali yeyote "nipigie ukipata tatizo", kwa sababu aliye mgeni wa kazi hajajua bado tatizo lina sura gani. Nampa tarakimu, naye huziandika katika daftari la mfukoni: kwa mtu mzima, mapigo yakizidi 120, tarakimu ya juu ya presha ikishuka chini ya 90, pumzi zikizidi 30 kwa dakika, mkojo ukiwa chini ya mililita 30 kwa saa. Nyongeza yake ni moja, nayo haina tarakimu: muuguzi akisema haipendi hali ya mgonjwa, nipigiwe, hata kama vipimo vyote ni vizuri. Vijana wengine hulipokea hilo kwa shingo upande, kwani wametoka chuo wakidhani muuguzi ni wa kupokea maagizo tu.

Anapopiga simu, namwuliza maswali mawili kabla ya kumwambia la kufanya: unadhani ni nini, na kibaya zaidi kinachoweza kuwa ni kipi? La kwanza hunionyesha anavyofikiri. La pili ndilo lililokosekana usiku ule, maana aliyeuona mkono uliovunjika hakujiuliza kilichomo ndani ya tumbo.

Dozi za watoto nazipitia mwenyewe katika wiki za mwanzo, na simwachii akadirie kwa macho: mtoto apimwe uzito, kisha hesabu iandikwe. Parasetamoli ya miligramu 15 kwa kilo, kwa mtoto wa kilo 8, ni miligramu 120. Nukta ikikaa pasipo pahala pake inakuwa 1,200. Kumsahihisha mbele ya mgonjwa au jamaa zake ni jambo la kuepuka, isipokuwa dawa iko njiani kuingia mshipani. Hapo nazuia mkono kwanza, heshima tutairekebisha baadaye nje ya wodi.

Juzi mtarajali mwingine alinipigia saa tisa usiku. Nilipofika nilimkuta mgonjwa amelala usingizi mzuri, vipimo vyote vikiwa sawa. Tuliketi, tukalipitia faili pamoja ukurasa kwa ukurasa, nikamshukuru kwa kuniita, nikarudi nyumbani kuisubiri alfajiri.