Usiseme ni uzee mpaka upimwe presha ya macho

Ndugu wa Malindi, hayo matone usitie tena leo.

Umeandika kwamba una miaka 46, mvi zimeingia ndevuni, magoti yanalia ukiinuka kwenye sijida, na usiku herufi za Msahafu zinakupotea. Unauliza mwili ukianza kuchakaa mtu aanzie wapi. Halafu mwisho kabisa, kama jambo dogo, ukagusia kwamba jamaa wa duka la dawa amekuuzia matone ya kuondoa wekundu wa macho, yanakufaa sana na unaanza chupa ya tatu, na kwamba miwani ya kusomea umenunua kwa mchuuzi, ya pili hiyo, kwa sababu ya kwanza imeshakuwa hafifu. Wenzangu waliokujibu hapo juu wamekupa habasoda na mazoezi ya kupanda ngazi. Mimi ile sentensi ya mwisho imenikata tumbo, maana ndiyo njia niliyopita, njia ya presha ya macho, yaani glakoma, na sikurudi na macho niliyokwenda nayo.

Mimi ni fundi wa mashua, Matondoni, kisiwani Lamu. Kazi nimeirithi kwa baba. Nilipofika miaka 44 nikaanza kushindwa kuona ncha ya keekee, ile ya kutobolea mbao, ikiwa karibu. Hilo peke yake si ugonjwa. Lenzi ya jicho inakakamaa kidogo kidogo tangu ujana, na mtu akivuka 40 haiwezi tena kujivimbisha vizuri kwa kitu cha karibu, ndiyo maana sote tunaisukuma simu mbali na uso. Huo kweli ni umri, na miwani ya kusomea inautosha. Nikanunua ya namba 1 kwa mchuuzi pale gatini. Mwaka haujaisha nikachukua ya 1.5, kisha ya 2. Kila nikirudi yule bwana ananiambia, "Fundi, umri huo, utafika hata 3." Ananipa gazeti, nasoma, nalipa, naondoka nimeridhika.

Sasa shika hapa. Gazeti linapima katikati ya jicho tu. Upande wa jicho halina habari nao.

Hapa kwetu gari haliingii vichochoroni, mizigo inabebwa na punda, na mtu wa Lamu akisikia kwato anajibana ukutani bila hata kufikiri. Mimi nikaanza kugongwa. Hawakunigonga kwa nyuma. Walitokea kushoto, pale kichochoro kimoja kinapokutana na kingine, mnyama ananijia kama amezaliwa ukutani. Mara ya kwanza nikamgombeza kijana anayemswaga. Mara ya pili nikamgombeza tena, na maneno mabaya. Mara ya tatu punda alikuwa na mawe mgongoni, nikaanguka, nyusi ikapasuka, na yule kijana, machozi yanamlenga, akaniambia, "Ba'mkubwa, nilikuwa mbele yako, upande huu hapa, nikakupungia mkono." Alikuwa mbele yangu na mkono juu, nami sikumwona. Nikamwambia mke wangu nimechoka, ni uzee. Yeye alikuwa ameshaona kabla yangu: kikombe cha kahawa akikiweka kushoto nakipiga kwa kiwiko, akikiweka kulia nakishika.

Na macho yalikuwa mekundu siku zote. Vumbi la mbao, jua la baharini, chumvi. Nikaenda duka la dawa. Kijana amevaa koti jeupe, nikamwita daktari, wala hakunisahihisha. Hakunimulika hata tochi. "Ni ukavu wa uzee, mzee wangu, tia hii asubuhi na jioni." Siku mbili tu wekundu ukatoweka, nikamwombea dua. Nilitia mwaka mzima na miezi minne. Nikimaliza chupa narudi, ananipa nyingine, na hakuna siku aliyoniuliza kama kuna mtu amewahi kunipima.

Yale matone yalikuwa na steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu. Ndugu yangu, chukua chupa yako sasa hivi uisome: ukikuta deksamethasoni, prednisoloni au betamethasoni, ni hiyo hiyo. Ni dawa halali, madaktari wa macho wanaitumia, lakini wanaitumia huku wanapima, kwa sababu kwa baadhi ya watu inapandisha presha ndani ya jicho. Wekundu unaondoka, nawe unadhani umepona, kumbe ndani jicho linakandamizwa. Mtu anayeuza kitu hicho chupa baada ya chupa bila kupima ananikasirisha mpaka leo. Wote wawili, wa miwani na wa matone, walitumia maneno yale yale, "uzee tu", na maneno hayo yalinifunga mdomo, kwa sababu nani anabishana na umri wake?

Nilijulikana kwa bahati. Wauguzi wa macho walikuja Mokowe kupima watu bure, shemeji yangu akanipakia mashua karibu kwa nguvu. Muuguzi, mwanamke mtulivu, akaniwekea kidude machoni, akanyamaza, akarudia. Akaniuliza kama babangu alikufa akiwa anaona. Baba alikufa kipofu, ndugu yangu. Sote tulisema ni mtoto wa jicho, na uzee. Akaniandikia barua ya Mombasa, akasema nisingoje mwezi uishe.

Mombasa nikapimwa. Presha ya kawaida ya jicho ni kati ya 10 na 21. Langu la kushoto lilikuwa 39, la kulia 30. Kisha nikakalishwa mbele ya mashine: unakazia macho nukta moja, vimulimuli vinawaka pembeni, kila ukiona kimoja unabonyeza kitufe. Nilikaa na kidole juu ya kitufe muda mrefu, nikamwambia dada yule kwamba mashine imezima. Hakunijibu. Karatasi ilipotoka, jicho la kushoto lilikuwa limechorwa jeusi zaidi ya nusu, na kulia weusi ulikuwa umeshaanza kuingia.

Daktari alinieleza kwa lugha ya kazi yangu. Jicho linatengeneza maji yake na lina mfereji wa kuyatoa. Mfereji ukisongeka, maji yanajaa, presha inapanda, na nyuma ya jicho kuna mshipa wa fahamu wenye nyuzi zaidi ya milioni 1 zinazopeleka picha kwenye ubongo. Zinakufa moja moja, kuanzia zile za pembeni. Haiumi. Jicho moja linalifichia jingine, na ubongo unaziba tundu kwa kubahatisha, kwa hiyo huoni giza, unaona ukuta mahali penye punda. Hiyo ndiyo presha ya macho, glakoma, ambayo hakuna ugonjwa unaoizidi duniani kwa kuleta upofu usiorudi, na sisi Waafrika hutupata mapema na kwa ukali zaidi. Nikamuuliza, "Hicho cheusi kitarudi lini?" Akasema hakirudi. Tunalinda kilichobaki.

Hakirudi. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji na mtu anaona. Hii siyo.

Tezo, lile shoka la kuchongea mbao, siishiki tena. Tezo inataka ujue mguu wako uko wapi bila kuutazama, na mimi wa kushoto siuoni. Chombo cha mwisho nilichoanza, mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, nimelaza mwenyewe na mataruma, mbavu zake, nusu nimesimamisha, kilimaliziwa na mpwa wangu. Nikikaa pale nakalafati, yaani naziba nyufa za mbao kwa pamba, maana pamba unaifuata kwa vidole, lakini kuongoza kazi, basi. Usiku sitoki peke yangu. Nina miaka 51.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nitakuandikia hata ukichoka: ukishavuka 40, jambo lolote la macho, usiliite uzee mpaka presha ipimwe na mtu atazame mshipa wa nyuma ya jicho. Kwanza hilo, miwani baadaye. Usiende kwa anayekupa gazeti usome. Nenda kwa mtaalamu wa macho umwambie hivi hivi: "Nataka presha ya macho yote mawili, na unitazamie mshipa." Akisema presha ni nzuri lakini hakutazama mshipa, mwambie atazame, kwa sababu kuna watu presha yao iko chini ya 21 na mshipa unakufa vile vile. Chupa ya matone nenda nayo mkononi, umwambie umetia siku ngapi, na kama una pumu au ugonjwa wa moyo useme, maana baadhi ya dawa za presha ya macho hazifai kwa mwenye pumu.

Na uliza ukoo. Bibi, baba, mama, nani alikufa haoni? Mtu mwenye ndugu wa tumbo moja mwenye glakoma yuko karibu nayo zaidi kuliko wengine. Nilipotoka Mombasa niliwapigia ndugu zangu wote wanne. Dada yangu wa Malindi alikataa, akasema anasoma bila miwani, nikamlilia kwenye simu mpaka akaenda. Presha 28, mshipa bado mzima. Anatia tone moja kila usiku, na mashine ile anaibonyeza mpaka mwisho, karatasi yake ni nyeupe. Ana miaka 49 na hajapoteza hata uzi wa kuonekana. Mimi na yeye tumezaliwa nyumba moja.

Malindi hukosi mtaalamu wa macho, ukikosa vifaa Mombasa ni safari ya asubuhi kwenda na jioni kurudi. Nenda wiki hii. Wakikupima omba namba zako, uziandike hapa: kulia ngapi, kushoto ngapi, na mshipa wamesemaje. Mimi huingia humu kila usiku baada ya isha, nikishatia matone yangu. Nitazitafuta.