Maswali ya wasomaji: Kifuniko cha kitovu cha gurudumu kinachobaki mahali pake

SWALI: Salamu kwenu mafundi. Nina gari la farasi la magurudumu manne. Kila kitovu kina pete ya chuma yenye kipenyo cha nje milimita 88 na cha ndani milimita 68, na pete hiyo imechomoza nje ya mbao milimita 15. Vifuniko ni vya alumini. Vinavalishwa juu ya pete kwa kugongwa na nyundo ya mpira, na havishikiliwi na kitu kingine. Hudondoka njiani, hasa siku za jua kali. Nimekunja midomo yake na nimetia gundi, lakini bado vinatoka. Naweza kupata mashine ya kukereza. Nitengeneze kifuniko cha namna gani ambacho hakitatoka chenyewe, lakini niweze kukifungua wakati wa kupaka grisi?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na jua, maana linakupa sababu mbili kwa pamoja.

Ya kwanza ni kutanuka. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwenye kipenyo cha milimita 88, joto likipanda nyuzi 40, kifuniko kinaizidi pete kwa takriban milimita 0.04. Kifuniko cha kugonga hubana kwa sehemu chache tu za mia za milimita, kwa hiyo sehemu kubwa ya ule mbano inakwisha. Ya pili ni hewa iliyofungiwa ndani. Ikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 bila njia ya kutokea, shinikizo lake hupanda kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kwenye mdomo wa milimita 88, hiyo ni nguvu ya karibu kilo 8 inayosukuma kifuniko kutoka ndani. Juu ya hayo weka mtikisiko wa barabara. Gundi nayo haishiki kwenye chuma kilicholowa grisi, hata ukifuta vipi kwa kitambaa.

Kwa hiyo acha kutegemea mbano. Kifuniko salama ni kile ambacho lazima kitu kikatike ndipo kitoke. Kwa pete yako tungetengeneza cha kuingia ndani, cha shaba njano, kinachozuiwa na skrubu tatu za ubavuni. Hakihitaji hesi (mikato ya skrubu) kubwa ndani ya kitovu, na hilo ni jambo jema, kwa sababu kukereza hesi kwenye gurudumu zima la mbao ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana.

Pima kwanza tundu la pete kwa kalipa, pande tatu tofauti, kwa kuwa pete iliyogongwa miaka mingi huwa na umbo la yai. Ikiwa vipimo vinatofautiana zaidi ya milimita 0.2, lisawazishe tundu kabla ya kukereza chochote. Hapa tunachukulia ni 68.0 kamili. Shingo ya kifuniko, yaani sehemu inayoingia ndani, iwe na kipenyo cha 67.9 na urefu wa milimita 20. Ukingo unaokaa juu ya uso wa pete uwe na kipenyo cha 88 na unene wa 5. Tundu la ndani ya shingo lisizidi 52, la sivyo ukuta utakuwa mwembamba pale penye mfereji wa oringi, yaani pete ya mpira ya kuzuia maji.

Mfereji huo uanze milimita 12 kutoka kwenye ukingo, uwe na upana wa 4 na kina cha 2.4. Tumia oringi ya mpira wa nitrili unaovumilia grisi, yenye unene wa milimita 3 na kipenyo cha ndani 62. Itabanwa kwa kama asilimia 18, kiasi kinachozuia maji na vumbi bila kuumiza mpira. Kata mdomo wa pete mshazari kwa ndani, milimita 2 hivi, na uulainishe kwa msasa. Mdomo mkali hukata oringi siku ya kwanza, nawe hutajua mpaka uone matope ndani.

Sasa skrubu. Sukuma kifuniko hadi ukingo uguse pete pande zote, kisha toboa kwa keekee ya 3.5 kupitia pete hadi uingie milimita 3 kwenye shingo. Toboa mahali patatu palipogawana mzunguko sawasawa, katikati ya tundu pawe milimita 6 kutoka mdomo wa pete. Toboa kifuniko kikiwa ndani. Ukitoboa pete na kifuniko mbalimbali ukitumaini vitaoana, havitaoana. Tia alama ndogo ya tindo kwenye pete na kwenye kifuniko, ili kila gurudumu lirudishiwe kifuniko chake kwa mkao uleule.

Ondoa kifuniko, panua matundu ya pete hadi 4.2, na yatie hesi za M5, yaani za kipenyo cha milimita 5, kwa tepu (kifaa cha kukatia hesi). Tumia skrubu zisizo na kichwa za M5 zenye urefu wa milimita 12, ambazo ncha yake imekerezwa kuwa kijiti cha milimita 3.5. Kijiti hicho ndicho kinachoingia kwenye tundu la shaba. Ncha ya kawaida iliyochongoka hubana tu, na hapo umerudi kwenye msuguano ulioukimbia. Skrubu ikikaa vizuri, mwisho wake wa nje unazama kidogo chini ya uso wa pete na haunasi kwenye kitu. Kausha hesi kwa spiriti, tia tone moja la gundi ya kufungia hesi ya nguvu ya kati, ile inayofunguka kwa ufunguo wa mkono. Ile ya nguvu kubwa itakulazimisha kupasha pete moto, na mbao iko milimita chache tu kutoka hapo.

Mambo mawili husahauliwa na wengi. La kwanza ni tundu la hewa la milimita 1.5, katikati kabisa ya uso wa kifuniko. Gurudumu likizunguka grisi hutupwa pembeni, hivyo katikati hubaki pasafi. Bila tundu hilo, hata kukisukuma kifuniko chenye oringi ni shida, maana hewa inakirudisha. La pili ni njia ya kukitoa. Tia hesi za M5 kwenye matundu mawili ya ukingo yanayotazamana, kila moja milimita 39 kutoka katikati. Ukifunga boliti humo zinagota kwenye uso wa pete na kukivuta kifuniko nje taratibu. Asiyekuwa nayo huchokoa kwa bisibisi, na ukingo ukishapinda maji yanaingia.

SWALI: Gari langu la farasi lina ekseli za Collinge, zile za kulainishwa kwa mafuta, na vifuniko vya mafuta vya shaba vyenye hesi za kulia (zinazokazwa kwa kuzungusha kama mshale wa saa) pande zote mbili. Cha gurudumu la mbele kulia hulegea kila baada ya safari chache. Cha kushoto hakijawahi. Niliambiwa hesi ndizo zimekwisha. Ni kweli?

JIBU: Zingekuwa zimekwisha, kifuniko kingechezacheza mkononi kabla hakijakazwa. Kwa kuwa kinalegea upande mmoja tu, tunashuku zaidi kwamba kuna kitu ndani kinakigusa.

Wengi wanajua kanuni ya nati ya ekseli za kawaida: upande wa kushoto hesi za kushoto, upande wa kulia hesi za kulia, ili gurudumu likiisugua nati liikaze. Kwenye kifuniko mambo hugeuka. Nati imefungwa kwenye ekseli isiyozunguka na husuguliwa na gurudumu linalozunguka. Kifuniko kimefungwa kwenye gurudumu, na kikiguswa, kinaguswa na ekseli iliyosimama. Gurudumu la kulia, ukilitazama kutoka nje, huzunguka kama mshale wa saa gari likienda mbele. Ekseli ikikishika kifuniko inakizuia, na kwa hesi za kulia kuzuia huko ndiko kufungua. Upande wa kushoto mguso uleule unakikaza, ndiyo maana hujasikia malalamiko kutoka huko.

Fungua kifuniko, kisafishe, tazama ndani. Ukiona duara linalong'aa, umempata mhalifu. Mara nyingi ni miguu ya kotapini, yaani pini ya kuzuia nati isifunguke, iliyoachwa mirefu: ikate, kisha ikunje ilale kwenye nati. Ikiwa pini ni fupi, kagua washa ya ngozi ya nyuma ya kitovu. Ikichakaa, gurudumu husogea kuelekea gari, na kifuniko kinaisogelea ncha ya ekseli. Lisukume gurudumu kabisa kuelekea gari ndipo upime nafasi iliyobaki. Isiwe chini ya milimita 5.

Rudisha kifuniko na washa mpya ya ngozi chini ya ukingo, kisha chora mstari wa rangi unaovuka kifuniko na kitovu. Mstari ukikatika baada ya safari, bado kuna mguso. Usikikaze kwa bomba refu, hesi za shaba huchunika. Na kumbuka kwamba kifuniko hakishikilii gurudumu. Kazi hiyo ni ya nati mbili zenye hesi zinazopingana na pini yake. Kifuniko kikipotea kinachoondoka ni mafuta, na ekseli kavu hushikana na bushi, yaani bomba la chuma lililo ndani ya kitovu.

SWALI: Vitovu vyangu ni vya mbao tupu na bushi ya chuma katikati. Vifuniko vya bati nimevipigilia kwa skrubu za mbao nne kila kimoja, lakini ukame ukifika zote zinalegea. Niongeze urefu wa skrubu?

JIBU: Hapana. Skrubu zako zinaingia sambamba na ekseli, yaani kwenye ncha za nyuzi za mbao, na huko skrubu hushika vibaya kuliko popote. Mbao ikikauka, tundu linabaki na nyuzi zilizosagika. Kifungie kifuniko kwenye chuma. Ikiwa bushi imechomoza hata milimita 12, tumia skrubu tatu za ubavuni kama tulivyoeleza hapo juu. Ikiwa haikuchomoza, fundi akuvalishie pete ya chuma kwenye mdomo wa kitovu ikiwa moto, kisha skrubu ziingie kwenye pete hiyo. Mbao ikiwa na nyufa zinazopita zaidi ya nusu ya urefu wa kitovu, shughulikia kitovu kwanza.

SWALI: Nijaze grisi kiasi gani ndani ya kifuniko?

JIBU: Theluthi moja inatosha. Ukikijaza tele, grisi ikipata moto hutafuta pa kutokea. Itaziba tundu la hewa, au itasukumwa nyuma ya kitovu na kufungua njia ya vumbi kuingia ndani.